Kielezi cha Kiingereza hakikifuati kiwakilishi

Mhariri,

Hivi karibuni safu ya lugha ya gazeti lako iliwashauri wanafunzi wa Kiingereza wakiweke kielezi kati ya kiwakilishi na kitenzi, ikatoa mifano miwili, “I often read” na “She never sings”. Mifano hiyo haina kasoro. Ninachokipinga ni kanuni iliyotolewa humo, kanuni ambayo nimeikuta pia katika madaftari ya wanafunzi wengi, kwa sababu mwanafunzi atakayeishika jinsi ilivyo ataandika “She always is late” na “I never have seen him” huku akiamini kwamba ametii alichofundishwa, na kwa hakika atakuwa ametii.

Kwanza kabisa, kiwakilishi hakihusiki. Tukikiondoa na kuweka nomino mahali pake, tukasema “The old teacher often reads”, kielezi hakisogei hata hatua moja. Kinachokipangia kielezi mahali pake ni kitenzi, tena aina ya kitenzi. Pakiwa na kitenzi kikuu peke yake, vielezi vya marudio kama “always”, “often” na “never” hukitangulia. Kitenzi kikiwa “be” katika sura zake zote, kielezi huja baada yake: “She is always late”. Pakiwa na kitenzi kisaidizi, kama “have” au “will”, kielezi hukaa nyuma ya kisaidizi hicho, na visaidizi vikiwa viwili au vitatu hukaa nyuma ya kile cha kwanza: “They have often been warned”. Hata katika swali, ambapo kisaidizi huhamia mbele ya kiima, kielezi hubaki palepale kilipokuwa: “Has he ever complained?”

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini “be” na visaidizi vipewe upendeleo huu, na anastahili jibu lililo bora kuliko kuambiwa kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo. Katika Kiingereza cha zama za Shakespeare, kitenzi kikuu kiliweza kutangulia mbele ya kikanushi, yaani “not”, ndiyo maana watu walisema “I know not”. Kifaransa kimeendelea na mwenendo wa namna hiyo mpaka leo, kwani Mfaransa husema “Je mange souvent du poisson”, akitanguliza kitenzi na kufuatisha kielezi. Kiingereza kilikuja kuvinyang’anya vitenzi vikuu ruhusa hiyo, kikamleta “do” abebe ukanushi, tukapata “I do not know”. “Be” na visaidizi havikunyang’anywa. Kwa hiyo mambo yanayofundishwa kama kanuni mbili tofauti, ya ukanushi na ya vielezi, yana asili moja: kitenzi kinachokubali “not” nyuma yake ndicho kinachokubali “always” nyuma yake.

Hapo ndipo unapopatikana mtihani mdogo ambao ningependa safu yako iutangaze badala ya ile kanuni ya kiwakilishi. Anayesita aikanushe sentensi yake kwanza. “She is not late” ni sentensi sahihi, basi “She is always late” nayo ni sahihi. “I have not seen him” inakubalika, basi “I have never seen him” inakubalika pia. Lakini “I read not” haikubaliki katika Kiingereza cha leo, kwa hiyo kielezi lazima kitangulie: “I often read”. Ni kweli kwamba mzungumzaji akitaka kutia mkazo, au akijibu kwa ufupi, husema “Yes, she always is”, kielezi kikiwa mbele ya “is”. Hilo mwanafunzi anaweza kulisubiri mpaka atakapokomaa.

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, kanuni ile hailigusi kabisa. Katika Kiswahili, nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kati ya “a” na “soma” katika “anasoma” hapana mwanya wa kupitisha neno zima. Vinavyopita hapo ni viambishi tu, na baadhi ya viambishi vya kitenzi hufanya kazi ambayo Kiingereza kimewaachia vielezi. Anayesema “ameshaondoka” amekwisha kusema kile ambacho Mwingereza hulazimika kukiongezea “already”, na anayesema “husoma usiku” hana haja ya “usually”. Kwa upande mwingine, vielezi vyetu vilivyo maneno kamili hutembea kwa uhuru mkubwa: “daima huchelewa” na “huchelewa daima” zote hazina lawama, na “anapenda sana samaki” ndiyo njia ya kawaida ya kusema jambo hilo. Mwanafunzi anayeifuata njia hiyo huandika “He likes very much fish”, na hapo amegonga ukuta, kwa sababu Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, kama “fish” hapa. Sharti hilo hulegea yambwa inapokuwa ndefu mno, lakini kwa sentensi za kila siku ni bora lishikwe kikamilifu: “He likes fish very much”. Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu juu ya vielezi vya Kiingereza, ningefundisha hilo.

Isitoshe, si kila kielezi kinachoruhusiwa kukaa katikati. “Yesterday” na “tomorrow” hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. “Fast” na “hard” hukaa baada ya kitenzi. Hakuna asemaye “He hard works”, na anayedhani kwamba atairekebisha kwa kusema “He hardly works” atakuwa amesema kinyume cha alichokusudia, yaani kwamba mtu huyo ni kama hafanyi kazi kabisa. Vipo pia vielezi vinavyokubali mahali pawili lakini hubadilisha maana. “He answered the question foolishly” ni kusema kwamba alijibu kipumbavu. “He foolishly answered the question” ni kusema kwamba kule kujibu kwenyewe ndiko kulikokuwa upumbavu, hata kama jibu lilikuwa zuri. Vivyo hivyo, “I really don’t know” ni kusema kwa kweli sijui, ilhali “I don’t really know” ni kusema sijui sawasawa. Kanuni inayotaja kiwakilishi na kitenzi pekee haina la kusema hapa.

Niongeze neno kwa wale wanaoona kwamba kukitia kielezi kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu ni kuichafua lugha. Mwaka 1864 Henry Alford, mkuu wa makasisi wa kanisa kuu la Canterbury, alikemea tabia ya kuweka kielezi kati ya “to” na kitenzi chake. Baadaye wapo walioipanua hofu hiyo, wakaogopa kutenganisha hata “have” na kitenzi kinachofuata, na H. W. Fowler katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926 aliwapinga. Nashangaa kwamba hofu hiyo bado inasambazwa madarasani na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Alford.

Naomba basi, Mhariri, zoezi la kujaza nafasi lililoambatana na makala ile lisirudiwe. Nafasi iliyoachwa wazi humwonyesha mwanafunzi mahali pa kielezi na kumwachia kazi ya kuchagua neno tu, wakati ugumu wenyewe uko katika mahali. Mpeni sentensi iliyokamilika, “The letter has been read”, pamoja na vielezi viwili, “probably” na “carefully”, kisha mwambieni avipange. Atakayeandika “The letter has probably been carefully read” atakuwa ametambua kwamba kielezi cha uwezekano hufuata kisaidizi cha kwanza, na kwamba kielezi cha namna, katika kauli ya kutendwa, hukaa karibu na kitenzi kikuu. Na katika sentensi hiyo hakuna kiwakilishi hata kimoja.

Wako mtiifu,
Msomaji wa safu ya lugha