Barua kwa Atupele: kuyasema mafanikio ya kazi kwa Kiingereza

Kihesa, Iringa
9 Februari 2025

Mpendwa Atupele,

Kamwene! Habari za Tukuyu na mvua zenu zisizochoka? Huku tu wazima wote. Rasimu ya taarifa yako ya mwaka imefika, nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, na kwa kuwa usaili wa nafasi ya usimamizi ni mwezi ujao pale Mbeya mjini, nakujibu kwa kirefu. Kazi uliyoifanya na wakulima wa parachichi msimu uliopita ni kubwa mno. Kinachoniuma ni kwamba Kiingereza ulichokitumia kinaificha.

Nianze na neno lililojirudia kila aya: "succeed". Umeandika "I succeeded to train 64 farmers". Hapo Kiswahili kimekushika mkono, maana kwetu "nilifanikiwa kuwafundisha" ni sentensi safi kabisa. Kiingereza hakina "succeed to" ya namna hiyo. Husema "succeed in", halafu kitenzi chenye "-ing": "I succeeded in training 64 farmers". Ila hata ukiirekebisha hivyo, bado sikushauri uiache. Msomaji akikuta "succeeded in" au "managed to" anaelewa kwamba palikuwa na kizuizi, kwamba nusura ushindwe. Kufundisha wakulima ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya, kwa hiyo andika "I trained 64 farmers" na uishie hapo. Mafanikio yamo ndani ya hiyo 64. "Managed to" iweke akiba kwa zile siku za Aprili barabara ilipojaa tope na bado mzigo ukafika.

Na ukoo wa neno hilo uujue vizuri: "success" ni nomino, "succeed" kitenzi, "successful" kivumishi, "successfully" kielezi. Umeandika "the season was success". Ama iwe "was a success", ama "was successful". Angalia pia herufi: c mbili, s mbili, lakini mwishoni mwa "successful" l ni moja. Kuna ndugu yao mmoja wa kuogopwa. Asili ya "succeed" ni Kilatini, kuja baada ya kitu, ndiyo maana "I succeeded my supervisor" haina maana kwamba ulimshinda msimamizi wako. Maana yake ulirithi kiti chake. Usije ukaisema kwenye usaili huku yeye yuko mezani.

Sasa twende kwenye lile lililokugharimu zaidi. Umeandika "Rejects reduced by 9%". Kuna makosa mawili, na la pili ni la hesabu.

La kwanza: Kiswahili kina kupungua na kupunguza, kupanda na kupandisha. Mwisho wa kitenzi unatuambia kama jambo limetokea lenyewe au kuna mkono wa mtu. Kiingereza hutumia maneno tofauti kwa kazi hiyo. "Reduce", katika taarifa za kazi, ni kupunguza, lazima awepo mwenye kupunguza: "I reduced rejects", "Training reduced rejects". Kitu kikipungua, tumia "fall", "drop" au "decrease": "Rejects fell". Vivyo hivyo "raise" ni kupandisha na "rise" ni kupanda: "We raised the price", lakini "The price rose". "Increase" na "decrease" zinakubali pande zote mbili, kwa hiyo ukiwa na mashaka zikimbilie hizo. Ukiwa unaandika, jiulize kwa Kiswahili kwanza: ni pungua au punguza? Jibu litakuchagulia kitenzi.

La pili ni la hesabu. Umenieleza kwamba msimu wa 2023 zilikataliwa kreti 18 katika kila 100, na msimu wa 2024 zikakataliwa 9. Ukiandika "by 9%", mtu anayejua hesabu atachukua asilimia 9 ya 18 na kuona umeshuka hadi 16 na ushei. Umejipunja. Kutoka 18 hadi 9 ni kupungua kwa nusu, yaani asilimia 50. Njia tatu sahihi za kulisema: "Rejects were halved", au "Rejects fell from 18 per cent to 9 per cent", au "Rejects fell by 9 percentage points", yaani tofauti ya asilimia zenyewe, 18 kutoa 9. Mimi ningechagua ile ya kati, kwa sababu inaonyesha ulikotoka na ulikofika. Kumbuka vihusishi vyake: "from" ni pa kuanzia, "to" ni pa kufikia, "by" ni tofauti kati ya pale na hapa. "Increased to 300" na "increased by 300" ni mambo mawili yaliyo mbali kama Makambako na Kyela.

Tarakimu isiyo na pa kuanzia haisemi kitu. "We delivered 310 crates" inaweza kuwa ushindi au aibu. "We delivered 310 crates against a target of 300" hakuna atakayeibisha.

Maneno ninayoomba uyafute bila huruma ni yale ya semina: "sensitize", "capacitate", "facilitate", "empower". Najua yanatoka wapi. Kwenye taarifa zetu za Kiswahili tumezoea kuhamasisha, kujengea uwezo, kuwezesha, na tukihamia Kiingereza tunabeba mzigo uleule. Lakini msomaji hajui ulifanya nini. Ulisimama shambani? Uligawa vipeperushi? Ulilipia chai ya kikao? "I showed farmers how to cut the fruit with clippers" inamwonyesha. Hali kadhalika "the response was very big", ambayo ni "mwitikio ulikuwa mkubwa" iliyovaa koti. Sema "58 of the 64 farmers attended all four sessions", kama daftari la mahudhurio linasema hivyo. Na "challenges"! Neno hili limechoka. "Challenge of transport" haielezi chochote. "Rain closed the road for six days in April" inaeleza, na inakupa nafasi ya kusema ulifanya nini.

Kuna jambo lingine, na hili ni la malezi zaidi kuliko sarufi. Rasimu nzima umeandika "we" na "it was done". Kwetu ni adabu. Mtu anayesema mimi, mimi, mimi huonekana ana majivuno, na hata jambo ulilolifanya peke yako unasema "tulifanya". Kwenye tathmini na usaili wa Kiingereza adabu hiyo hukugeuka, kwa sababu wanaokupima wanataka kujua mkono wako uligusa wapi. Dawa yake ni kuchagua kitenzi kinachokaa sawasawa na kipimo cha ulichofanya, wala huhitaji kujisifu. "I led" kama wewe ndiye uliyeongoza. "I coordinated" kama ulipanga watu na ratiba. "I set up" kama mfumo haukuwepo ukauanzisha. "I contributed to" kama ulikuwa mmoja wa wengi, na hapo ongeza mchango wako ni upi: "by keeping the daily records". "I assisted" si aibu hata kidogo. Kinachoharibu ni kuandika "spearheaded", yaani uliongoza ukiwa mstari wa mbele, kwa jambo ulilohudhuria tu, kwa sababu swali la pili la msaili litakufumua. "We" ibakize kwa matokeo ya timu, na "I" kwa hatua zako.

Kuhusu msamiati wa juu uliouomba, faida yake haipatikani kwa neno moja moja. Inapatikana kwa maneno yanayoandamana. Kiswahili nacho kiko hivyo: tunapiga pasi, tunapiga deki, hatusemi "fanya pasi". Kwa Kiingereza lengo hufikiwa au kupitwa: "meet", "reach", "achieve" au "exceed a target". Muda wa mwisho una "meet a deadline" au "miss a deadline". Mkataba ni "win a contract", uzoefu ni "gain experience", jukumu jipya ni "take on responsibility", kupandishwa cheo ni "be promoted to", kisha jina la cheo. "Accomplish" inapendelea kazi yenye mwisho, "attain" inapendelea kiwango au daraja. "Streamline" ni neno zuri sana kwa lile ulilofanya la kuondoa vituo viwili visivyo na kazi kati ya shamba na ghala. Litumie, lakini mara moja tu.

Maneno mengine yana nyuso mbili, na hayo ndiyo hukamata hata wanaojua. "Oversee" ni kusimamia, wakati uliopita "oversaw". "Overlook" ni kupitiwa usione jambo, au kulifumbia macho. Ukiandika "I overlooked the packing" umekiri uzembe. "Oversight" ni mbaya zaidi, kwani laweza kuwa usimamizi na laweza kuwa kosa la kupitiwa, kwa hiyo andika "supervision". "Outstanding" ni bora sana, lakini "outstanding payments" ni malipo ambayo hayajalipwa. Na sisi wengi wa nyanda za juu ambao r na l zinatuponyoka ulimini, tuwe macho na "collect" na "correct". Uliandika "I corrected the farmers' data". Mkaguzi akisoma hivyo ataelewa uligeuza takwimu zao, kumbe ulizikusanya.

Nyakati za vitenzi nitazipitia haraka. Jambo lenye tarehe iliyokwisha huchukua wakati uliopita wa kawaida: "In 2024 I trained". Jambo linaloendelea mpaka leo huchukua "have": "I have worked here since 2021", au "for four years". "Since" hutaka pa kuanzia, "for" hutaka urefu wa muda. "Equipment", "information", "advice" hazichukui s ya wingi. Na ni "despite the rain", bila "of".

Sasa tazama aya yako ya pili ilivyokuwa:

"In 2024 I succeeded to sensitize farmers about harvesting and the response was very big. Rejects reduced by 9%. Despite of challenge of transport, the target was achieved."

Hii hapa baada ya kuivua hayo yote na kuivika takwimu ulizonipa:

"Between April and August 2024 I trained 64 farmers in Rungwe to pick avocados with clippers and leave a short stalk on each fruit, because rot enters where the stalk is torn off. Rejected crates fell from 18 to 9 in every 100. When rain closed the road for six days in April, I moved collection to a point above the river. We delivered 310 crates against a target of 300."

Imekuwa ndefu, ni kweli, lakini hakuna neno linaloelea. Ona pia ile "because": imeonyesha unajua kwa nini kikonyo kiachwe, na kwa msaili hiyo ina thamani kuliko "hardworking" kumi.

Kwa usaili wenyewe, kila jibu la mafanikio lipange kwa hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, matokeo. Kwa dakika mbili, hali ichukue sekunde 20, jukumu 10, ulichofanya 60, matokeo 30. Wengi wetu tunakosea kwenye hali. Tunasimulia mpaka historia ya kijiji, na muda unaisha kabla ya matokeo. Andaa visa vitatu: kimoja cha lengo lililovukwa, kimoja cha tatizo lililotatuliwa, kimoja cha jambo lililoshindikana na ulichobadilisha baada yake. Usikariri sentensi nzima. Kariri tarakimu na vitenzi, kisha visimulie kwa sauti mbele ya mtu, au jirekodi kwenye simu usikilize. Pale ulipokwama ndipo penye neno usilolimiliki bado.

Daftari la msamiati lisiwe na orodha ya neno na tafsiri yake. Andika misemo mitano kwa wiki, kila mmoja ndani ya sentensi ya kazi yako yenye takwimu halisi, uirudie kesho yake, siku ya tatu na siku ya saba. Misemo ishirini mpaka siku ya usaili inakutosha kabisa.

Nirudishie rasimu ya pili ikiwa na aya ya ghala, maana hapo umeandika "storage was improved" na mimi sijui iliboreshwaje. Fungua daftari la mizigo, hesabu kreti zilizooza kabla na baada ya kuweka zile chaga za mbao, uniletee namba mbili hizo. Nikizipata kabla ya Ijumaa, wikendi nitaisoma yote.

Wasalimie nyumbani, na mama umwambie ule mchele wa Kyela tuliupokea.

Rafiki yako,
Neema