Mabomba ya maji taka yapimwe kabla ya kupakwa chokaa

Mhariri,

Wenye nyumba hapa Lamu wananung'unika kwamba mkaguzi anayetaka mabomba ya maji taka yapimwe anawachelewesha. Kipimo chenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kimyakimya. Doa likionekana sebuleni, boriti za juu zimeshaanza kuoza, na mji huu, ulio katika orodha ya UNESCO tangu 2001, si wa kubomolewa kuta ovyo.

Kufungua mfereji na kutazama maji yakipita si kupima. Maji hayo hutambaa chini ya bomba tu. Tundu la ubavuni hujulikana siku bomba likiziba.

Bomba la wima la inchi nne lizibwe chini kwa plagi ya kukaza, na matawi yote ya sinki, bafu na choo yafungwe. Jaza maji hadi kimo cha mita 3. Kila mita hula lita 8 na ushei, kwa hiyo dumu moja la lita 20 na kidogo juu yake latosha. Maji ya kisima cha chumvi yanafaa, msimalize maji matamu ya visima vya Shela. Plagi iegemezwe kwa ubao, maana inasukumwa kwa uzito wa kama kilo 25. Subirini mapovu yatoke, ongezeni maji, tieni alama, kisha dakika 15. Maji yasishuke hata kidogo.

Sinki, bafu na choo vikishawekwa, tumieni upepo badala ya maji. Mpira wa levo wa fundi mwashi, ule unaoonyesha maji ndani, unatosha: ukunje kama herufi U, tia maji, upande mmoja uingie kwenye plagi. Jazeni maji kona za kuzuia harufu, pulizeni kwa mdomo mpaka maji ya pande mbili yapishane milimita 38, fungeni. Mwongozo wa Uingereza unataka kipimo hicho kikae dakika 3 bila kushuka. Pimeni alfajiri, maana jua likipiga bomba, upepo wa ndani hutanuka na kuficha uvujaji. Kompresa msiilete kabisa: PVC iliyojazwa upepo mwingi hupasuka vipande vipande.

Mara nyingi kosa ni la kiungo. Bomba halikufika mwisho wa soketi, gundi imepakwa upande mmoja, au mchanga wa ufukweni umeingia kabla ya kuunga. Penye ringi ya mpira, ncha isiyochongwa kwa tupa huisukuma ringi ikajikunja. Ipakeni maji ya sabuni kwanza.

Povu la sabuni litaonyesha panapovuja. Wapo wanaopaka gundi juu ya ufa wakamwita mkaguzi jioni ile ile. Gundi ya nje haizibi kitu. Kateni kiungo, wekeni kipya, kiacheni saa 24, mpime upya mfumo wote.

Mafundi wa mabomba,
Langoni, Lamu