Wanaokaa kaunta hawapelekwi mkutanoni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwanafunzi wa stashahada ya ukutubi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mkutano wa wakutubi wa vyuo vikuu imenishinda kunyamazia. Mlituambia kwamba wakutubi wetu sasa wako tayari kuipokea akili mnemba, mkaweka na picha ya washiriki waliosimama kwenye ngazi za hoteli, kila mmoja na begi lake la mkutano. Niliitazama ile picha sura kwa sura. Niliwaona wakurugenzi, manaibu wao na watu wa utawala. Mtu wa kaunta ya azima sikumwona, wala anayeorodhesha vitabu, wala anayekesha na wanafunzi kwenye chumba cha kompyuta wakati wa mitihani.

Mikutano siipingi. Mwaka 1984 wakutubi wa dunia walipokutana Nairobi chini ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la maktaba, ilikuwa mara ya kwanza shirikisho hilo kufanyia mkutano wake mkuu barani Afrika, na walimu wetu waliendelea kuuzungumzia miaka mingi baadaye. Programu ya Koha, ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu kwa kompyuta, ilianzia kwenye maktaba za wilaya moja ndogo huko New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na kwa kuwa ni ya bure, wakutubi waliambizana mikutanoni mpaka ikafika kwetu na droo za kadi zikapumzika. Kwa hiyo faida ya kukutana naijua. Ninachogombea ni nani anapelekwa, na anafanya nini akirudi.

Mwaka jana, majira ya kukabidhi tasnifu, alikuja kaunta muuguzi mmoja anayesoma shahada ya uzamili huku akiendelea na kazi katika hospitali ya wilaya. Alitoka zamu ya usiku akapanda basi moja kwa moja, sare bado iko ndani ya koti. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za marejeo kuhusu kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Msimamizi wake alikuwa amezungushia baadhi kwa wino mwekundu, anataka kuziona makala zenyewe. Tukaanza kuzitafuta pamoja. Ya kwanza haikuwepo. Jarida lipo, toleo lipo, lakini kwenye kurasa zilizotajwa kuna makala nyingine kabisa, ya waandishi wengine. Ya pili hivyo hivyo. Ndipo dada wa watu akasema kwamba orodha alisaidiwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba, na hakujua kuwa huweza kukutungia makala isiyokuwepo na kuipa waandishi, mwaka na kurasa. Kijana niliyekuwa naye kaunta, mwenye shahada yake nzuri tu, naye hakujua. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha kwamba unachukua namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, unaiingiza kwenye doi.org, na kama namba ni ya kutungwa utaambiwa haipo, au utapelekwa kwenye makala nyingine kabisa.

Lililoniuma zaidi lilifuata. Kati ya makala zilizokuwepo kweli, mbili alikuwa ameshazilipia, zaidi ya dola 30 kila moja, kwa kadi ya benki ya shemeji yake. Majarida yote mawili yamo kwenye Hinari! Mhariri, kwa wasomaji wasioijua, Hinari ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, ili vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Tanzania iko kundi la bure. Chuo chetu kimesajiliwa. Lakini nywila ilikuwa kwenye barua pepe ya mkubwa mmoja tu, aliyefundishwa Hinari katika mkutano kama huu mliotuandikia, akarudi na cheti, na hakumfundisha mtu. Siku hiyo alikuwa safarini, kwenye mkutano mwingine. Tulimpigia, simu haikupokelewa. Tukaandika ujumbe, ukajibiwa jioni, wakati muuguzi ameshawahi basi la kurudi kazini. Mtu anayezalisha akina mama usiku, anayejisomesha kwa mshahara wake, ametoa fedha yake kununua kitu ambacho chuo alicholipia ada kinakipata bure, kwa sababu herufi chache za nywila zimefungiwa kwenye simu ya mtu asiyewahi kukaa kaunta. Na mimi nilisimama pale mbele yake sina cha kumwambia. Hilo halikuwa tatizo la mtandao, wala la bajeti, wala la umeme. Kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kurudi kutoka mkutanoni, kuwaita wenzake asubuhi moja, akafungua kompyuta na kusema jamani, iko hivi. Sasa mnatuambia wako tayari. Nani yuko tayari? Ni sawa na mwenye basi kwenda mwenyewe kwenye mafunzo ya udereva, kisha akirudi anamkabidhi funguo dereva wake wa siku zote ambaye hakufundishwa, na abiria wanaambiwa basi sasa ni salama.

ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Tangu hapo sijui kama kuna mkutano wa taaluma yetu usiokuwa na mada juu yake, na mada zenyewe ni nzuri, nimezisoma. Nimezisoma kwa kuziomba kwa rafiki wa chuo kingine. Kwetu hazikuletwa.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na la CD. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa uzamili walitakiwa kukabidhi tasnifu pamoja na CD, ili maktaba iipandishe kwenye hazina ya kidijitali. Programu ya DSpace, ya kuendeshea hazina kama hiyo, ipo tangu 2002, ni ya bure, na tunayo. CD ziko kwenye maboksi chini ya meza, baadhi maji ya mvua yameshazifikia. Kompyuta mpya tulizoletewa hazina hata mahali pa kuziingizia. Ndani ya maboksi hayo kuna utafiti wa mashamba yetu, wa hospitali zetu, na wa lugha yetu pia, uliofanywa kwa jasho na watu ambao wengine wameshafariki. Mwanafunzi wa mwaka huu anarudia swali lililokwisha jibiwa na mwenzake wa chuo hicho hicho, na hajui. Halafu tunaulalamikia ulimwengu kwamba akili mnemba haiijui Afrika. Itaijuaje, kama tuliyoyaandika sisi wenyewe yanaloana chini ya meza?

Majengo tunajua kuyathamini. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozinduliwa 2018 inaweza kupokea watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000, na ninafurahi kila nipitapo pale. Lakini jengo lolote, liwe la wapi, mwanafunzi akiingia anakutana kwanza na mtu wa kaunta.

Pendekezo langu ni hili, na ninaomba walichukue kama lilivyo. Mtumishi akitoka safari hurejesha masurufu kwa mhasibu akiwa na risiti na ripoti yake. Mhasibu asipokee marejesho ya mkutano wowote wa wakutubi mpaka yaambatane na fomu moja zaidi yenye sahihi tatu: ya mtu wa kaunta ya azima, ya mwenye kuorodhesha vitabu, na ya msimamizi wa chumba cha kompyuta zamu ya usiku. Kila mmoja aandike kwa mkono wake jambo alilofundishwa na aliyesafiri, na kwamba amelifanya mwenyewe kwenye kompyuta, akitazamwa. Kugawiwa pawapointi kwenye kundi la WhatsApp kusihesabiwe. Sahihi zikikosekana, posho ikatwe kwenye mshahara kama inavyokatwa kwa asiye na risiti. Katika kila nafasi tatu za kusafiri, moja iwe ya mtu wa kaunta. Na nywila yoyote ya chuo ijulikane na watu wasiopungua wanne, mmoja wao awe zamu ya usiku.

Fomu yenyewe nimeshaiandaa, ni ukurasa mmoja. Mkurugenzi wa maktaba yoyote anayeitaka aiombe kupitia kwenu, nitaileta ofisini kwenu siku hiyo hiyo.

Mkutubi Msaidizi,
Dar es Salaam.