Da Rukia, ile picha ya taa

Da Rukia, asalaam aleikum. Mama mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, na usimsomee yote, utajua mwenyewe pa kuruka.

Nimeisikiliza voisi ya Ami Shee. Mara tatu, na ya tatu nilikuwa kwenye basi natoka kazini, machozi yanitoka watu wanitizama. Ati kwa ile picha yangu ya taa za kaskazini, zile za kijani zinazotokea mbinguni usiku huku Sweden, nna pesa za kwenda kutizama taa mbinguni, na nyumbani stima imekatika siku mbili token hakuna. Sawa. Alitaka grupu zima lisikie na limesikia, mpaka Khalti wa Lamu akanitumia kikaragosi cha kushangaa, yeye ambaye hata Idi hanisalimii. Sikumjibu Ami kwa sababu ni mkubwa na ndivyo tulivyolelewa. Lakini wewe nakujibu.

Kwanza gari si la kukodi, ni la Maryam wa kazini, mafuta tumegawana watu wanne, na chakula tulibeba wenyewe, mahamri na sambusa nilipika mie usiku kucha. Ami ahesabu mafuta yake ya kwenda Malindi kila wiki kwa yule mama ndio aje kwangu. (Hapa ndio pa kuruka.)

Pili, na hili nataka alisikie, nimeendesha mie. Unakumbuka alivyoninyima ufunguo wa Probox, ati ntaligonga nguzo pale Mwembe Tayari? Leseni ya Kenya huku Sweden ukishasajiliwa mkaazi yakufaa mwaka mmoja tu, halafu waanza upya kama mtoto, mtihani wa kuandika, wa barabarani, na somo la lazima la utelezi, wakupeleka uwanja uliotengenezwa makusudi uteleze, wakwambia kanyaga breki, gari lazunguka kama pia, ndio akili ikukae. Nilianguka mara moja, ya pili nikapita. Sasa Stockholm hadi Kiruna, mji wa kaskazini kabisa, ni zaidi ya kilomita 1,200, yaani Mombasa Nairobi mara mbili na nusu, tukalala Umeå njiani, na kutoka pale kwenda juu usukani ulikuwa wangu karibu wote. Giza, theluji, malori ya magogo yakikupita yakumwagia unga mweupe kwenye kioo huoni kitu, wewe washika usukani na ayatul kursi mdomoni. Na wale wanyama wa Wasami, wenyeji wa kaskazini huku, wenye pembe kama matawi, wawafuga kama Waorma na ng'ombe wao, nao hawana habari na gari, wasimama katikati ya barabara wakutizama kama wewe ndiye uliyepotea. Usiku gari nayo yachomekwa stima kama simu, la sivyo asubuhi injini haiamki. Probox lake halingefika hata nusu.

Jua huko kati ya Januari latoka saa nne na kitu, ikifika saa saba na nusu lishatua, adhuhuri na alasiri zakimbizana hata udhu haujakauka.

Tulifikia Abisko, kijiji kidogo mbele ya Kiruna, kando ya ziwa Torneträsk ambalo lote limeganda. Watu waenda pale kwa sababu milima ya magharibi yazuia mawingu, mbingu huwa safi kuliko kwengine. Huwa! Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mawingu na theluji. Baridi -27, na friza ya Mama ya kugandishia barafu za ukwaju ikiwa nzima ni -18, kwa hivyo ukitaka kujua nilikuwa wapi ingia humo ufunge mfuniko. Nyinyi mwalia na joto la kaskazi, mie nilikuwa kaskazini kwenyewe.

Usiku wa tatu, saa tano hivi, Maryam akapiga kelele nje.

Sasa nikwambie ukweli na uishie kwako. Kile kijani mlichokiona kwenye picha, kwa jicho hakikuwa kijani. Kilikuwa kama moshi. Moshi wa udi haswa, ule unaobaki darini Mama akishapitisha chetezo chumba hadi chumba, mweupe mweupe, umelala toka mlima huu hadi ule, watambaa pole pole. Simu yakusanya mwanga sekunde kadhaa ndio yatoa rangi, jicho gizani rangi halizioni vizuri. Taa zikiwa na nguvu kijani waiona hata bila simu, lakini zetu zilikuwa dhaifu, dakika ishirini zikapotea. Na mie nimesimama hapo nalia, wenzangu wakadhani ni kwa ule uzuri. Nilikuwa nasikia udi, Da Rukia, mahali ambapo hapana harufu ya kitu chochote. Nikaingia garini nikaweka picha stetasi, nikaandika "ndoto imetimia". Ndio hiyo Ami aliyoipiga skrinshoti.

Fahad aliuliza kama ni moto. Mwambie ni jua, hilo hilo linalowachoma, larusha vichembe vya umeme, dunia nayo ni kama sumaku yavivuta kwenye ncha zake, vikigonga oksijeni juu huko, kilomita 100 na zaidi, ndio kijani yatoka. Asimwambie mwalimu wake ni majini kama babu yake alivyomfunza.

Kazi njema, shifti za usiku zimezidi, tusiyaingie hayo. Mguu wa Mama vipi? Mbona kwenye voisi zote hizo hakuna aliyeutaja, wala aliyeuliza mie nilirudi salama?

Nimekutumia elfu kumi kwa M-Pesa yako, yako, si ya Ami, zile za bati nilizomtumia tangu Shaabani mpaka leo bati sijaliona. Token ya elfu mbili tia leo leo, nyengine dawa za Mama. Na akipatikana mtu wa kuja huku nifungie mabuyu, yale mekundu ya Kibokoni.

Stima ikiwaka nipigie video, hata kama ni usiku, mie niko macho.

Zuhura