Barua kwa Mjomba: Meza ya Mkato Bado ni Yake

Shikamoo Mjomba,

Nilipokuomba ruhusa ya kukuandikia hadharani, ulinijibu kwamba niandike ninalotaka mradi jina lako na la karakana yako ya kushona sare hapa Morogoro yasitajwe. Nimetii. Hata jina la fundi wetu wa mkato halitaonekana hapa, ingawa yeye ndiye sababu ya barua hii na ndiye aliyeisoma kabla yako, akafuta sentensi mbili ambazo hakuzipenda.

Unakumbuka jinsi Desemba ilivyokuwa. Shule zinafunguliwa Januari, wazazi wanataka sare kabla ya Krismasi, wakuu wa shule wanapiga simu mpaka usiku, na mafundi wanalipwa kwa kipande, kwa hiyo kila mmoja anaona kwamba saa ya kulala ni saa ya kupoteza fedha. Fundi wetu wa mkato alikuwa ameanza kulala karakanani, juu ya majora ya kitambaa, tangu katikati ya Novemba. Kisha ikaja ile siku alipokata migongo ya mashati ya darasa la kwanza kwa kipimo cha darasa la tano. Mtu asiyeijua kazi hii ataona ni kosa dogo, lakini meza ya mkato haina kosa dogo: kitambaa hutandikwa safu arobaini, mashine ikipita mara moja imepita kwenye mashati arobaini. Ulifoka, na sikulaumu kwa hilo, maana ile ilikuwa hasara ya wiki nzima. Yeye hakujibu. Alikaa chini kando ya meza akalia mbele ya watu, na kuanzia hapo kila mtu karakanani akawa daktari.

Kwenye cherehani walisema amerogwa. Kwenye pasi walisema ni bangi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona hata na sigara. Msimamizi aliuondoa mkasi mezani kwake akaufungia kabatini, akisema ni kwa usalama wetu, ilhali kijana huyo hajawahi kuinua mkono juu ya mtu kwa miaka minne tuliyokaa naye. Kisha likatoka lile neno ambalo Mtanzania yeyote analijua: apelekwe Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma imekuwa ikitibu watu tangu miaka ya 1920, na wengi wametoka pale wakarudi kwenye kazi zao, lakini sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi la kutaniana barabarani. Matokeo yake, mtu akianza kuumwa, hofu ya jina humfikia kabla ya tiba.

Asubuhi iliyofuata uliwakusanya watu wote ukawaambia kwamba ana taifodi na amekwenda kwao kupumzika. Nimelifikiria tangazo lile kwa muda mrefu, Mjomba, kwa sababu najua ulilitoa kwa huruma. Ulitaka kumfunika. Lakini wote waliomwona akilia walijua kwamba taifodi haikuwa na uhusiano na lile, na walichojifunza kutokana na maneno yako ni kwamba ugonjwa wake ni aibu kubwa kiasi kwamba hata bosi analazimika kuusemea uongo. Laiti ungesema tu, "Mwenzetu anaumwa, anatibiwa, atarudi, na meza yake inamsubiri," usingekuwa umetoa siri yake wala usingekuwa umedanganya. Aina ya ugonjwa ni mali yake mwenyewe. Akitaka ataisema, asipotaka haitudai chochote.

Sisemi haya kama mtu aliye safi. Kwenye ajira yangu ya kwanza, kabla hujaniita nije kukusaidia hesabu, nilipitisha miezi kadhaa bila usingizi, moyo ukinienda mbio nikisikia tu simu ya mkononi ikiita. Nilimwambia mkuu wangu kwamba nina malaria. Nilisema hivyo mara tatu ndani ya miezi miwili, mpaka mtunza stoo akaniuliza kama kwetu tunafuga mbu. Nilicheka pamoja naye. Laiti mtu mmoja tu pale angekuwa amewahi kutamka neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyotamka shinikizo la damu, huenda ningemwambia ukweli.

Wewe hupenda kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake. Kabla hajaficha, huwa ametazama kushoto na kulia akaona wenzake walivyofanywa waliposema.

Najua utanijibu kwamba mambo haya ni ya mabenki na makampuni ya simu, wenye ofisi ya utumishi na bima, na kwamba sisi tuko watu 23 tu na jenereta moja. Kwa sera ya nchi yetu, biashara yenye watu kuanzia watano hadi 49 ni biashara ndogo, nasi tumo humo. Mimi naona udogo wetu una pande mbili. Hapa hakuna siri inayodumu mpaka saa ya chai, na hilo linamtisha mgonjwa. Lakini hapahapa ndipo ulipomwambia mama yangu, mapema Novemba, kwamba "kijana yule siku hizi hali, anazungushazungusha sahani tu." Hakuna dodoso la kampuni kubwa ambalo lingegundua mapema hivyo. Ulikuwa umeona, Mjomba. Kilichokosekana ni kumvuta pembeni na kumwuliza, kisha kunyamaza umsikilize bila kumkatiza kwa nasaha za kwamba mwanamume hujikaza. Kwenye kampuni kubwa mgonjwa hutafuta sera kwenye kitabu cha wafanyakazi. Kwetu sera ni kile kinachotoka kinywani mwako.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 15 ya watu wazima walio katika umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Ni wastani wa dunia nzima, siyo wa Morogoro, lakini ukiuchukua kwa watu 23 unapata watatu au wanne. Mmoja tumemjua kwa sababu kosa lake lilionekana kwenye kitambaa. Wengine bado wana malaria.

Sasa nije kwenye jambo tulilobishana. Ulisema kijana analipwa kwa kipande, ni kibarua, hivyo hana likizo ya ugonjwa. Nimekwenda kusoma. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu aliyekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Yeye alikuwa anazimaliza ndani ya siku nne. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, yaani siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Nimetafuta mahali inaposema kwamba tumbo linahesabiwa na kichwa hakihesabiwi, sikupaona. Cheti chake cha kliniki ya afya ya akili kimo kwenye faili langu tangu Januari. Nimepiga hesabu ya wastani wa malipo yake, utaikuta kwenye ile bahasha ya kaki, na naomba uisaini kabla hujaniuliza fedha zitatoka wapi. Zitatoka palepale zilipotoka fedha za kukarabati mashine ya ovaloki.

Sheria hiyo ya Ajira pia inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Sina haja ya kukuambia Desemba yetu ilikuwaje ukiilinganisha na hizo. Sidai kwamba kazi ndiyo iliyomletea ugonjwa, maana kuna msiba wa kwao aliokuwa ameubeba kimyakimya tangu Agosti. Lakini mtu aliyebeba msiba akalala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, wiki sita mfululizo, juu ya majora, tumemwongezea mzigo, na mimi niliyekuwa naandika vipande vyake kila jioni na kumsifu kwa wingi wake nimo katika lawama hiyo. Mwaka huu tuanze kukata sare Septemba. Shule tatu zimekwisha kukubali kutoa malipo ya awali mapema, nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kukuambia.

Lipo na lako mwenyewe, ambalo nitaligusa kwa adabu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Ujumbe wako wa kuuliza deni la muuza vitambaa uliingia kwenye simu yangu saa nane na dakika ishirini usiku, na haukuwa wa kwanza. Shangazi hajui kwamba nalijua hilo. Sitauliza hapa. Nitakuja Jumapili baada ya chakula, tukae barazani.

Kijana anarudi Jumatatu. Daktari amemwambia kwamba dawa anazotumia zinaweza kumpa usingizi asubuhi, kwa hiyo ameomba mwenyewe asishike mashine ya kukatia kabla ya saa nne. Mpaka saa hiyo atachora vielelezo vya kukatia na kupanga saizi, kazi ambayo tangu aondoke hakuna aliyeifanya vizuri. Saa kumi na moja jioni aondoke, hata kama wengine wanabaki. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi ana kliniki, na siku hiyo isikatwe kwenye malipo yake. Usimwitie kikao wala usimfanyie hotuba ya kumkaribisha. Amesema atakufa kwa aibu. Msimamizi nimekwisha kuzungumza naye, alikasirika kidogo, kisha akanikabidhi ufunguo wa kabati.

Mkasi nitaurudisha mimi Jumapili hiyohiyo jioni, nikitoka kwako, ili aukute mezani pake akiingia.

Mpwa wako.