Barua kwa mwanangu kabla hajasaini mkataba wa pango

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeandika kwamba uhalifu katika mji huo wa Marekani, unakotaka kupanga nyumba kwa ajili ya kazi mpya, haufiki hata nusu ya wastani wa taifa, kwa hiyo nisihangaike. Nimehangaika zaidi. Mji wenyewe sina ubaya nao. Kinachonisumbua ni kwamba umetulia kwa namba moja, wewe ambaye kazini kwako hakuna hesabu inayopita mezani bila kuulizwa imetoka wapi.

Tuipige pamoja. Tuseme mji una wakazi 40,000, na mwaka mzima polisi wameandika matukio 60 ya uhalifu wa nguvu, yaani mauaji, ubakaji, unyang'anyi na mashambulio makubwa ya mwili. Gawa 60 kwa 40,000, zidisha kwa 100,000, unapata 150. Mwaka 2022 Marekani nzima ilikuwa na takriban 380 kwa kila watu 100,000. Basi kweli, mji uko chini ya nusu, na hesabu haina kosa. Sasa tuseme 40 kati ya matukio hayo 60 yametokea kwenye mitaa michache inayozunguka kituo cha treni, wanakolala watu 4,000. Hapo kiwango ni 1,000. Na nyumba uliyoipenda iko dakika sita kwa miguu kutoka kituoni, umeniandikia mwenyewe.

Utanijibu kwamba kituoni wanapita maelfu ya watu wasiolala pale, kwa hiyo kugawa kwa 4,000 ni kuwaonea wenyeji. Ni haki kabisa. Katika kugawa, namba ya chini, yaani idadi ya watu tunaogawia, ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko ya juu, yaani idadi ya matukio. Angalia wizi. Mji huohuo wa watu 40,000 ukiwa na matukio 1,200 ya wizi, kiwango chake ni 3,000, wakati taifa mwaka 2022 lilikuwa karibu 1,950 kwa uhalifu wote wa mali. Mtu akiiona hiyo anakimbia. Lakini kama 700 kati ya hayo ni watu waliokamatwa na bidhaa kwenye maduka makubwa ya kando ya barabara kuu, wanunuzi wanatoka miji kumi ya jirani huku mgawanyo unafanywa kwa wakazi wa mmoja tu. Ukiyatoa, yanabaki 500, na kiwango kinashuka mpaka 1,250. Mji ni uleule, wezi ni walewale.

Ndiyo maana FBI wenyewe, shirika la upelelezi la Marekani linalokusanya takwimu hizi, wanaonya watu wasipange miji kwa nafasi kwa kutumia namba hizo. Ile orodha ya miji salama niliyokutumia wiki iliyopita, iliyouweka mji wako karibu na mkia, ilikuwa ya namna hiyohiyo. Ilikuwa usiku na sikuisoma mpaka chini. Maneno niliyoyasema kwenye simu kuhusu uamuzi wako wa kukubali kazi hiyo yalitokana nayo, na hayakuwa ya lazima.

Lakini usisaini kabla hujaenda pale usiku.

Mauaji yatazame kwa miaka mitano kwenda juu, usitazame mwaka mmoja. Mji wa watu 8,000 ukipata mauaji mawili, kiwango ni 25, wakati taifa mwaka 2022 lilikuwa zaidi kidogo ya 6. Mwaka unaofuata ni sifuri. Hakuna kilichobadilika pale isipokuwa misiba ya nyumba mbili. Mwaka 2021 nao uuache pembeni kabisa. FBI walihamia mfumo mwingine wa kukusanya takwimu, unaoitwa NIBRS, unaoandika kila kosa ndani ya tukio badala ya lile kubwa peke yake, na idara nyingi hazikuwa tayari. Hata polisi wa New York na Los Angeles hawakuwemo. Grafu yoyote inayoonyesha mji "umetulia" mwaka ule, kwanza uliza kama idara yake ilipeleka taarifa za miezi yote 12.

Halafu kuna yale yasiyofika polisi. Serikali ya Marekani huwauliza wananchi majumbani, tangu miaka ya 1970, kama wamedhurika au kuibiwa, na majibu yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wizi haipelekwi polisi kamwe. Mtu aliyevunjiwa kioo cha gari na kupoteza mfuko wa mazoezi haendi kupanga foleni. Kwa hiyo waulize majirani. Muulize mlinzi wa eneo la kuegesha magari, si dalali. Ukikuta vipande vya kioo vya mraba mraba, vidogo kama chumvi ya mawe, kwenye ukingo wa barabara, kaa ukijua hapo magari yanavunjwa, hata ramani ya polisi ya matukio ikiwa nyeupe.

Anwani nayo ihakiki. Nyumba nyingi za pembezoni zina jina la mji kwenye bahasha lakini ziko nje ya mpaka wake, chini ya sherifu wa kaunti, ambaye ana polisi wake mwenyewe. Matukio ya hapo hayamo kwenye takwimu za mji hata moja. Piga namba isiyo ya dharura ya polisi wa mji, wape anwani, waulize kama ni eneo lao. Wakisema ndiyo, fungua ramani yao ya matukio, chora mviringo wa mita 400 kuzunguka mlango wako, chuja kwa saa unayorudi kutoka zamu, kisha soma aina ya kosa moja baada ya jingine. Ugomvi wa ndani ya nyumba ya watu na unyang'anyi wa njiani vyote vinaitwa uhalifu wa nguvu, ila ni mmoja tu unaokungoja wewe njiani.

Ukilinganisha, linganisha na miji ya ukubwa huo. Wastani wa taifa umechanganya Chicago na vijiji vya mahindi, na miji mingi midogo iko chini yake bila kufanya juhudi yoyote.

Nenda usiku, mama. Shuka treni ya saa ile utakayoshukia, tembea mpaka mlangoni, hesabu taa zilizozimika. Rudia Ijumaa, kwa sababu Jumanne haisemi chochote. Ukipata gari, rimoti ya geti usiiache ndani. Atakayeiba rimoti amepata nyumba.

Najivunia kazi uliyoipata, sikulisema hilo vizuri. Vyeti vyako nimevitia kwenye bahasha ngumu, kile cha kuzaliwa kimo pia. Mdogo wako amechukua chumba chako, ila vitabu hajavigusa. Pampu ya maji imetengenezwa, imebaki mlio tu. Niandikie dalali amesema mkataba unataka miezi mingapi, na kama kuna kipengele cha kuuvunja mapema.

Mama yako