Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Ndege Yetu Bado Haina Rangi

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote. Mahesabu mhazini ameshawatumia na yako sawa, kwahiyo mimi naenda moja kwa moja kwenye swali ambalo kila mtu ananiuliza, ndege tutaipaka rangi lini?

Ndege aina ya Cessna 172, kama hii yetu, ilianza kuuzwa 1956 na zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000, kwahiyo spea sio kilio chetu. Kilio ni kwamba hii yetu ilikuwa inapakwa rangi juu ya rangi miaka nenda rudi, sasa tulipoipaka rimuva, ile dawa ya kutoa rangi, tukaanza kukwangua tukakuta kutu imejificha pembeni ya ribiti, vile vipini vinavyounganisha bati. Kutu ya alumini haiwi nyekundu jamani, ni unga mweupe, na kuna nyingine inatambaa chini ya rangi kama vinyuzi. Kamati ikaamua hapohapo, hakuna kupuliza rangi mpaka hiyo iishe yote. Naungana nao kabisa, maana rangi mpya ingependeza kwa macho huku bati linaliwa kwa ndani.

Na ndo maana kazi inaenda taratibu. Bati lile lina ngozi nyembamba ya alumini safi inayolikinga, ukikandamiza msasa unaimaliza. Stilwaya tumepiga marufuku, vichembe vyake vya chuma vinabaki kwenye alumini na kuanzisha kutu upya, tunatumia sufi ya alumini. Madirisha yamefunikwa foili vizuri sana kwasababu rimuva ikigusa tu ile plastiki ndo basi tena, waliofanya hiyo kazi nawashukuru mno.

Baada ya hapo ni dawa ya kuzuia kutu, praima ya epoksi (tabaka la chini la kushikia rangi), ndo rangi yenyewe. Eleroni, eleveta na usukani wa mkiani, yaani zile sehemu zinazocheza kuongoza ndege, zitapakwa zikiwa zimefunguliwa halafu fundi mwenye leseni azipime mizani upya, na hili naomba msiniombe tuliruke, rangi ikizidisha uzito nyuma ya bawaba ile sehemu inaweza kuanza kutetemeka kwenye spidi mpaka ikang'oka angani. Matundu ya statiki, yale yanayopeleka shinikizo la hewa kwenye vipimo vya rubani, yazibwe wakati wa kupuliza na yafunguliwe baadae, kisha ndege nzima ipimwe uzito, maana uzito mtupu na sehemu ya kati ya uzito vitakuwa vimebadilika.

Siku za kupuliza wanachama wasiingie hanga. Hadina (dawa ya kukazia) ya rangi ya poliurethani ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu, na maski ya kawaida haitoshi, mpulizaji atavaa ya kuletewa hewa safi kwa bomba.

Kuhusu rangi gani, tutapiga kura kwenye mkutano mkuu. Mimi nitachagua nyeupe yenye mistari michache, kila tabaka la rangi la ziada ni uzito tunaoubeba kila safari.

Kwa sasa limebaki tumbo la ndege na chini ya mabawa, mwenye nafasi wikiendi aje, avae miwani na glovu za kemikali.

Mwenyekiti wenu